Akitoka Mafunzo, nani amdhamini?

Kila Sikukuu ya Mapinduzi inapokaribia, tarehe 12 Januari, Rais wa Zanzibar hutumia uwezo anaopewa na Katiba ya 1984 kuwasamehe baadhi ya wanafunzi wa Vyuo vya Mafunzo. Kwa msomaji asiyekuwa wa Visiwani: ndivyo yanavyoitwa magereza huku tangu baada ya Mapinduzi, na walio ndani huitwa wanafunzi. Idadi yao hutangazwa, wengine wakasema alhamdulillahi, wengine wakauliza "hao tena?", na baada ya siku mbili tatu hakuna anayetaka kujua wamefikia wapi. Magereza si jambo la Muungano, kwa hivyo hata ile sheria ya bodi za parole ya 1994, ya kumtoa mfungwa mapema kwa masharti, ni ya Bara. Anayetoka Kilimani, Kinumoshi au Wete, akiwa na bahati, humkuta ndugu yake anamngoja nje.

Mimi ni katika wanaotaka mtu huyu asaidiwe kwa kazi, kwa ufundi na kwa kushikwa mkono na jirani zake. Ila nimechoka na namna jambo hili linavyotetewa. Watetezi wake huzungumza kana kwamba anayepinga ana roho mbaya tu. Kaa barazani baada ya alasiri usikilize, utaona anayepinga ana hoja, na hoja yake ya kwanza peke yake inatosha kuuangusha mradi wowote katika shehia, yaani mtaa au kijiji kilicho chini ya sheha.

Ni hoja ya mzazi. Kijana wangu kamaliza skuli, hajagusa mali ya mtu, yumo ndani mwaka wa pili hana kazi. Hakupewa cherehani, hakupewa mkopo, hakuna mfadhili aliyebisha hodi. Leo mnataka kumpa mwizi wa juzi randa na msumeno? Basi bora na wangu akaibe.

Jibu lililozoeleka ni kwamba uhalifu ukipungua sote tunafaidika, na ushahidi upo. Mwaka 2013 taasisi ya RAND ya Marekani ilikusanya tafiti za miaka zaidi ya 30 ikaona kwamba wafungwa waliopata elimu gerezani walikuwa na uwezekano wa kurudia makosa mdogo kwa asilimia 43 kuliko wasioipata. Nakubali, ingawa mtu mwenye shaka atasema kwamba anayejiandikisha darasani tayari ana nia ya kubadilika, na hapo atakuwa hakukosea sana. Lakini mzazi yule hakuuliza faida. Kauliza haki. Ukimjibu kwa asilimia unamdharau.

Jibu la haki liko kwengine. Mengi anayoyahitaji aliyetoka Mafunzo hayamfanyi apendelewe hata kidogo, kwa sababu ni mambo yake. Chukua kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kina muda wake, na kikimalizika mwenyewe akiwa ndani, anatoka akiwa hana kitu cha kuonesha dirishani, iwe benki au kwenye ofisi ya mikopo. Kukihuisha kabla ya siku ya kutoka hakumnyang'anyi kijana wa mtu chochote.

Cheti nacho ni hivyo hivyo. Kama mtu amejifunza useremala au ushoni akiwa ndani, apimwe kwa mtihani ule ule wa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yaani ya ufundi, wanaofanya vijana wa vituo vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji, na karatasi itoke kwa jina la Amali, bila ya neno lolote la kusema alisomea wapi. Akifeli, afeli kama wenzake. Cheti kinachotaja geti alilotokea ni barua ya kumsema kwa watu.

Halafu kuna jasho lake, na hapa ndipo penye uzito. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zile zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 103 kwamba kazi ya mfungwa ilipwe kwa haki, atumie sehemu kwa mahitaji yake, sehemu aipelekee familia yake, na nyengine iwekwe akiba akabidhiwe siku anayotoka. Kanuni ya 108 inaongeza hati zake, nguo zinazofaa na nauli ya kumfikisha kwao. Sasa mfikirie mtu aliyelima miaka mitatu katika mashamba ya Mafunzo. Akitoka na fedha za kununua cherehani moja au nyavu, mzazi wa yule kijana hana la kulalamikia, kwa vile hakuna aliyepewa sadaka. Mtu amelipwa alichokifanyia kazi.

Serikali itasema, na itakuwa na hoja, kwamba mavuno ya mashamba yale yanasaidia kuwalisha hao hao wanafunzi, na kila shilingi itakayowekwa akiba itabidi itafutwe kwengine. Kweli. Ndiyo maana nasema kianze kiwango kidogo, na mimi ningeongeza sharti ambalo kanuni zile hazikuliweka: fungu moja limwendee aliyeibiwa au aliyeumizwa. Katika mijadala yetu ya urekebishaji huyu aliyedhulumiwa husahauliwa moja kwa moja, naye yuko mtaa ule ule. Ng'ombe wake hakurudi, na mwizi wa ng'ombe karudi ana cherehani. Hapo hata mimi ningenuna.

Mwajiri naye ana lake. Mwenye hoteli Paje au Nungwi anaishi kwa jina zuri. Saa ya mgeni ikipotea chumbani, usiku ule ule dunia nzima imeshasoma kwamba hoteli yake ina wezi. (Utalii wetu una kichekesho chake: wageni hulipa kwenda kisiwa cha Changuu kuona jengo lililojengwa 1893 liwe gereza, likaishia kuwa karantini, na wakapiga picha kwa furaha. Aliyetoka gereza la kweli hapewi hata ufagio wa kufagilia ufukwe.) Basi mwenye hoteli hudai cheti cha tabia njema kutoka Polisi, na wapo wanaoshauri kwamba dai hilo likatazwe, yaani makosa ya zamani yafichwe.

Hapa naachana na wenzangu. Marekani wamelijaribu jambo hili. Watafiti Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 15,000 katika jimbo la New Jersey na Jiji la New York, kabla na baada ya waajiri kukatazwa kuuliza juu ya makosa kwenye fomu. Katika kampuni zilizoondoa swali hilo, pengo la kuitwa kwenye usaili kati ya waombaji weupe na weusi lilipanda kutoka asilimia 7 hadi 43. Mwajiri aliponyimwa karatasi alibahatisha kwa jina la mtu, linaloashiria rangi yake, na wasio na kosa wakalipia.

Kwetu atabahatisha kwa mtaa. Ataona mwombaji anatoka kule kunakosemwa kuna mateja, amwambie nafasi zimejaa. Bora karatasi ibaki, lakini iwe na mipaka: wizi wa simu uliofanywa na kijana wa miaka 19 usiwe unasomwa akiwa na 35, na kosa lihesabiwe pale tu linapogusana na kazi yenyewe. Aliyeghushi hundi asipewe kaunta. Jikoni, bustanini na kwenye ujenzi ataharibu nini?

Kwa kipimo hicho hicho, zipo kazi ambazo baadhi ya watu hawapaswi kuzirudia maisha. Zanzibar ilianzisha mahakama maalum ya kesi za udhalilishaji mwaka 2021 kwa sababu watoto walikuwa wanaharibiwa na kesi zinafia njiani. Aliyetiwa hatiani kwa kumwingilia mtoto asifundishe madrasa, asiendeshe gari ya skuli, asilinde geti la nasari. Anayetetea urekebishaji akashindwa kulisema hili kwa sauti anaupoteza msikiti mzima kwa siku moja.

Na hapo hapo ndipo unafiki wetu unapoonekana. Kesi hizo zinafia njiani kwa nini? Kwa muhali, yaani kuoneana haya. Mtuhumiwa ni mjomba, ni jirani, ni mtu wa heshima. Wazee wanakaa, yanamalizwa chumbani, mtoto anaambiwa anyamaze. Kwa hivyo jamii yetu inajua kusamehe, tena haraka mno. Tatizo ni nani anayesamehewa. Mwenye ukoo mkubwa hupata msamaha kabla ya kufika mahakamani na hajalipa chochote. Asiye na mtu, aliyeiba karafuu kwenye jamvi la mwenzake, hufungwa, hutumikia mpaka siku ya mwisho, kisha akarudi kukuta kwamba mwaka wake wa adhabu haukumtoa deni. Anayesema "tusiwalee wahalifu" aanze na wale wanaolelewa sebuleni.

Dini, ambayo huletwa pande zote mbili, nadhani imesimama upande mmoja. Bukhari amepokea kisa cha mlevi aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) akaadhibiwa, alipoondoka, mtu mmoja akamwapiza, akasema Mungu amhizi. Mtume akakataza, akasema msimsaidie shetani juu yake. Adhabu ilikuwapo, haikufutwa. Kilichokatazwa ni ile nyongeza ya watu.

Nyongeza ya watu ina uzito wake maalum visiwani. Sensa ya 2022 ilitukuta 1,889,773 Zanzibar nzima, na Pemba ni 543,441 tu. Mtu wa Dar es Salaam akitoka jela anaweza kuhama kutoka Tandika akaenda Bunju akaanza upya. Wa Tumbe, kaskazini ya Pemba, ahamie wapi? Akifika Kengeja, kusini ya kisiwa, ataulizwa ni mtoto wa nani, na katika swali la tatu habari zake zote zimeshafika. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Udogo huu ni adhabu, lakini pia ni nafasi ambayo miji mikubwa haina, kwa sababu watu wale wale wanaomjua kwa wizi wanamjua tangu ana meno ya utoto na wanaweza kumsemea.

Tena wanafanya hivyo tayari, kimya kimya, pasipo mradi. Nahodha wa chombo cha uvuvi haulizi cheti. Anaangalia mikono, anamchukua kwa bamvua moja, na mgao ukitoka anampa fungu lake kama wenzake. Msimu wa karafuu ndio kabisa: mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi haina historia. Nafikiri nahodha na wenye mikarafuu wamewarudisha watu wengi zaidi kuliko warsha zote tulizopigia picha.

Kasoro yake ni kwamba kazi hizo hukatika. Kusi ikivuma vyombo vidogo hukaa pwani, karafuu zikimalizika hakuna pishi, na miezi ile mitupu ndiyo ya hatari. Huko Marekani walijaribu kuwapa waliotoka gerezani ajira za muda katika miji minne, Chicago, Detroit, Milwaukee na St. Paul. Ajira za muda zilipokwisha, wengi hawakuwa na kazi zaidi kuliko wasiopitia mpango huo, wala makosa hayakupungua. Kazi ya miezi mitatu ni kazi ya miezi mitatu.

Na kuna kundi ambalo kazi si jambo la kwanza kwake. Aliyeingia Mafunzo akiwa mtumiaji wa unga anatoka mwili wake umesahau dozi. Akirudi maskani akajidunga kiasi alichokizoea zamani, anaweza kufa. Wiki za mwanzo baada ya kutoka zinajulikana duniani kote kuwa ndizo za kufa kwa kuzidisha. Zanzibar ina huduma ya methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga, katika hospitali ya Kidongo Chekundu tangu 2015, na zipo nyumba za upataji nafuu. Kumfunza mtu huyu useremala bila kumfikisha huko kwanza ni kuchonga jeneza lake.

Kwa wengine wote kinachokosekana ni mdhamini. Fundi wa magodoro, fundi seremala, mwenye gereji wangechukua mtu kama wangejua hasara ikitokea haiwaangukii peke yao. Ningependa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ikae na masheikh ijadili kama fungu dogo la zaka au wakfu linaweza kubeba hasara ya mwanzo ya fundi wa namna hiyo. Wadaiwa wamo katika wanaostahiki zaka, na wapo wanaotoka wakiwa na madeni shingoni. Vipi kuhusu mwanamke aliyetoka akakuta talaka yake imeshapelekwa kwao? Hapo ushirika wa mwani au wa ushoni unaweza kufanya kazi ya nahodha, kama wenzake watakubali kukaa naye jamvi moja. Kwa wanawake aibu ni kubwa zaidi na hodi huwa chache.

Sasa hivi mzigo wote yuko nao sheha. Barua yake ndiyo mlango wa karibu kila kitu, na yeye huyo huyo ndiye Polisi wanayemwendea kitu kikiibiwa. Akimwandikia mtu barua njema na mtu huyo akaiba, jina linalotajwa ni la sheha. Tusishangae akichelewesha muhuri. Barua hiyo ingekuwa na saini tatu, ya sheha, ya fundi anayempokea na ya imamu au mzee wa mtaa, na ikawa na muda wa mwaka mmoja, lawama ingegawika na kila mmoja angekuwa na sababu ya kumfuatilia. Pa kujaribia ni Pemba, katika shehia chache za Wete na Micheweni, kwa waliotoka kwa makosa ya mali tu, na mwaka ukimalizika waulizwe mafundi kwanza kabla ya maofisa.