Koti la Nixon
Leo msinisalimie vizuri. Joto, feri, tokeni za stima, hayo tushazoea. Hili la leo silimezi.

Mimi ni mkusanyaji. Wengine stempu, mimi vitabu vya siasa vilivyoandikwa na waandishi wa habari, tena toleo la kwanza tu. Mama watoto huiita kazi hii kufuga mchwa.

Sasa asubuhi napita Digo Road, karibu na Marikiti, nakiona juu ya gunia: All the President's Men, Woodward na Bernstein, 1974. Kile cha Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon wa Marekani! Kilitoka Juni, Agosti Nixon akajiuzulu. Moyo ukaruka, uso nikaukunja. Nikashika kwanza kitabu cha mapishi kilicho kando, nikauliza bei, nikaguna. Kisha kile changu nikakifunua kivivuvivu. Toleo la kwanza, wallahi! Lakini ki uchi.

"Koti lake li wapi?"

"Koti?"

"Karatasi ya juu, kijana."

"Aa, ile! Ilichanika, ami, nikaitupa. Nimekipiga nailoni na stepla, maji hayaingii."

Pini nne, ndani ya jalada! Nikajituliza, nikamsomesha kama profesa: thamani kubwa iko kwenye koti, kona ya ndani huwa na bei, bei isipokuwepo shuku toleo la klabu ya vitabu, lile la rahisi la wanachama. Akanisikiliza kwa adabu mno. Nilipomaliza, shilingi mia mbili zimekuwa elfu tano.

"Lakini koti hakuna!"

"Hakuna, ami. Ila sikujua kama ni mali."

Nikapiga hatua tatu za kuondoka. Hakuniita. Nikarudi mwenyewe, na heshima yangu yote. Tukavutana hadi mia nane, na kwa huruma akalivua koti la kile cha mapishi akamvisha Nixon. Likamkaa sawasawa, mshenzi yule.

Nyumbani mama watoto kaona picha ya biriani, kafurahi: leo umeleta cha maana! Kafungua ukurasa wa kwanza. Tangu hapo hatusemezani.

Na unyevu wa bahari hii nao! Kile cha Michela Wrong kuhusu John Githongo, yule aliyefichua ufisadi serikalini Kenya, cha 2009, ambacho maduka Nairobi yaliogopa hata kukiweka, kimeota ukungu mgongoni. Simu ikilowa si huzikwa kwenye mchele? Nami nimekizika, ndani ya pipa la jikoni, tangu juzi.

Sasa nasikia kifuniko cha pipa kinafunguliwa.