Magrupu ya WhatsApp ya mtaa: yanatulinda, ila yanatuanika pia

Dar siku hizi mitaa mingi ina grupu lake la WhatsApp. Kuna la mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kuna la wenye nyumba, kuna yale yaliyoanzishwa tu na watu wa njia moja baada ya kuibiwa mara mbili tatu. Wapo wanaosema ndo ulinzi shirikishi wa kisasa, wapo waliojitoa wakisema pale ni umbea na kuanika watu. Mi naona wote wana hoja ya kweli, na shida kubwa ni kwamba hatutenganishi kutangaza tukio na kutangaza mtu.

Tuanze na faida maana ipo na ni kubwa. Saa nane usiku mtu anasikia geti linatikiswa, zamani angepiga yowe au angenyamaza akimuomba Mungu, sasa hivi anaandika "kuna watu ukutani kwangu, geti la bluu nyuma ya msikiti" na ndani ya dakika chache taa za nje zimewaka nyumba tano sita, vijana wa ulinzi shirikishi wamepigiwa, na wezi wakiona mtaa umeamka wanaondoka. 112 ya polisi piga, ni lazima, lakini jirani ndo yuko karibu. Vilevile waya wa umeme umedondoka, nyumba inaungua, mtoto kapotea sokoni, habari inafika kwa watu wanaoijua njia hiyo kona kwa kona.

Grupu la watu wanaojuana linaweza hata kuzima uvumi. Januari 2015 wakati wa taharuki ya panya road, yale makundi ya vijana wahalifu, watu walikimbia na maduka yakafungwa hata sehemu ambazo hao vijana hawakutia mguu, simu na meseji zilikuwa zinazidisha hofu kila dakika. Jirani mmoja anayesema "mi niko hapa kituoni sasa hivi, hamna kitu" anasaidia sana siku kama ile.

Sasa njoo upande wa pili. Inawekwa picha kutoka kwenye kamera ya geti, kijana wa kofia kasimama nje ya nyumba ya watu, chini imeandikwa "MWIZI HUYU MJIHADHARI". Hajagusa kitu, kasimama tu. Wa tatu kuchangia anasema anafanana na yule wa gereji, wa saba anasema ndo yeye kabisa, jioni picha iko magrupu ya mitaa mingine na hakuna anayejua ilianzia wapi. Na sisi tunajua neno mwizi likishatamkwa mtaani linaishia wapi, tairi na petroli. Wanaopigwa picha hivi ni walewale siku zote, waokota makopo, mafundi waliokuja kuuliza kazi, vijana wenye rasta. Katiba yetu ibara ya 13 inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, lakini grupu linahukumu kabla hata kijana hajafika mwisho wa njia.

India Julai 2018, kijiji cha Rainpada jimbo la Maharashtra, watu 5 waliuawa na umati kwa uvumi wa wezi wa watoto uliokuwa unazunguka WhatsApp. Baada ya mauaji kama hayo ndo kampuni ikaweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au magrupu 5 kwa mara moja, India kwanza, kisha dunia nzima 2019.

Walioibiwa wanajibu, bila picha tutamtambuaje? Polisi tulienda, RB (namba ya taarifa yetu kituoni) tunayo, na mtu huyohuyo bado anapita hapa. Hilo siwezi kulipuuza, inauma. Ila picha inawafaa wenye uwezo wa kuifanyia kazi, yaani mpelelezi mwenye RB yako, mwenyekiti, na kiongozi wa ulinzi shirikishi, hao hawazidi watano. Grupu la watu mia nne lipewe tukio: saa ngapi, sehemu gani, waliingiaje, walikuja na pikipiki au kwa mguu. Marekani programu ya majirani ya Nextdoor ililalamikiwa sana Oakland kwa watu kuripotiwa kisa ni weusi, 2016 ikabadilisha fomu yake ili mtu aeleze kwanza kilichofanyika. Sisi admini wetu anaweza kuuliza swali hilohilo bila programu yoyote: kafanya nini?

Alafu kuna faragha yetu sisi wenyewe tuliomo. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, ukijaribu tu kutuma hela kwenye namba inakuletea jina kamili, kwahiyo kila aliyemo ana namba yako, jina lako, na anajua geti lako. Humohumo mtu anaandika Desemba "tunaenda Moshi mpaka tarehe 3, majirani mtuangalizie". Wengine wanatupia picha ya kitambulisho cha NIDA cha dada wa kazi aliyeondoka, au orodha ya wasiolipa hela ya ulinzi, majina na namba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake, ila tukiisikia tunawaza benki na kampuni za simu, hatuwazi simu ya admini.

Kuweka meseji zijifute baada ya siku 7 kunasaidia, picha ya mtoto aliyeshapatikana haibaki mwaka mzima, ila na ushahidi unafutika, video halisi lazima uihifadhi kwa ajili ya polisi.

Mi grupu ningeligawa mara mbili. Moja la tahadhari, wanaandika viongozi tu, lingine dogo la kila njia, watu wanaojuana sura, huko ndo useme unasafiri. Na linki isizunguke, kila anayeingia aingizwe na mjumbe anayemjua anaishi wapi. Wapangaji waliohama watolewe. Kuna watu walishahama na bado wanasoma kila usiku mlinzi wetu yuko kona ipi.