Angels walimtema Pujols na bado wakamlipa: nani alikosea?

Mei 6, 2012, mchezaji wa besiboli Albert Pujols alipiga homurani yake ya kwanza, yaani pigo linaloutoa mpira nje ya uwanja, akiwa na jezi ya klabu ya Marekani ya Los Angeles Angels. Mashabiki walikuwa wameisubiri mwezi mzima, maana huyu ndiye aliyesajiliwa kwa dola milioni 240. Mei 6, 2021, miaka tisa kamili baadaye, klabu hiyohiyo ikatangaza kwamba imeliondoa jina lake kikosini. Alikuwa na umri wa miaka 41. Msimu ule alikuwa amecheza mechi 24 na wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.198, yaani hakufikisha hata mara mbili katika kila kumi. Mshahara wake wa mwaka huo ulikuwa dola milioni 30.

Wapo waliosema uamuzi ulichelewa miaka minne. Wapo waliosema ni dharau kumpiga chini katikati ya msimu mtu mwenye homurani 667, akiwa kwenye mwaka wa mwisho wa mkataba wake, wakati ilibaki miezi mitano tu amalize kwa heshima. Nimezipima hoja zote mbili mara nyingi. Mimi naegemea upande wa Angels, ila si kwa sababu ambayo wengi huitaja.

Wengi hutaja pesa. Kwa msomaji aliyezoea soka hilo linaeleweka: klabu ikimchoka mchezaji ghali humtoa kwa mkopo, humuuza kwa hasara, au hukaa naye mezani wakavunja mkataba kwa makubaliano. Besiboli ya Ligi Kuu ya Marekani haiendi hivyo. Ukishasaini, mshahara umeshahakikishwa, ucheze usicheze. Klabu ikikuondoa kikosini, klabu nyingine zina siku chache za kukuchukua pamoja na mzigo wako wa mshahara. Hakuna aliyekuwa tayari kuubeba mzigo wa Pujols. Basi akaachiwa huru, na Angels wakaendelea kumlipa. Yeyote atakayemsajili baada ya hapo hutoa kima cha chini cha ligi tu, ambacho kwa msimu mzima wa 2021 kilikuwa dola 570,500, na kiasi hicho ndicho pekee kinachopunguzwa kwenye deni la klabu ya zamani.

Kwa hiyo Angels hawakuokoa chochote cha maana. Zile milioni 30 zilikuwa zimeshaliwa tangu Desemba 2011, siku mmiliki Arte Moreno alipokubali kumpa mchezaji anayekaribia miaka 32 mkataba wa miaka kumi. Tena mkataba wenyewe ulipanda kama ngazi: milioni 12 mwaka wa kwanza, 16 wa pili, 23 wa tatu, kisha milioni moja zaidi kila mwaka hadi 30. Mwili unashuka, mshahara unapanda. Aliyeuandika hivyo alijua anachofanya: miaka ya mwisho ilikuwa inalipia ile ya mwanzo, na jina la Pujols lingeuza tiketi na jezi tangu siku ya kwanza. Majira hayohayo Angels walikuwa wanasaini mkataba mnono wa televisheni. Kumlaumu mzee wa miaka 41 kwa hesabu iliyopigwa na matajiri muongo mzima uliopita ni kumwonea.

Kilichokuwa bado mikononi mwa klabu ni nafasi uwanjani, na hapo ndipo hoja ya Angels inapopata uzito.

Pujols alikuwa na sehemu mbili tu za kucheza. Moja ni besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vile ambavyo mpigaji hukimbilia, ambako hulindwa na mchezaji mmoja. Nyingine ni ile ya mpigaji maalumu, mchezaji anayeshika gongo tu wakati wenzake wengine wanalinda uwanja. Mbio zilikuwa zimekwisha kitambo. Maumivu ya unyayo yaliukata msimu wake wa 2013 kwenye mechi 99, na miguu haikurudi kuwa ileile. Nafasi ya mpigaji maalumu ilikuwa ya Shohei Ohtani, ambaye mwaka huo alipiga homurani 46, akarusha mpira kwa kiwango cha juu vilevile, na akachaguliwa kwa kura zote mchezaji bora wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Mshahara wake: dola milioni 3. Kwenye besi ya kwanza alikuwepo Jared Walsh, kijana aliyeokotwa raundi ya 39 ya usajili wa chipukizi wa 2015, ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, raundi ambayo klabu huita majina ili kujaza karatasi. Mwezi Aprili Walsh alikuwa anapelekwa kucheza pembeni kulia, mahali ambapo hapakuwa pake, ili mkongwe abaki kwenye besi. Alipopewa besi yake alimaliza mwaka na homurani 29 na kuitwa kwenye mechi ya nyota, ile ya kila mwaka inayokutanisha wachezaji bora wa ligi hizo mbili.

Kila Pujols alipopangwa, Walsh alihamishwa au mtu mwingine alisugua benchi. Hiyo ndiyo gharama ambayo haikuwa imelipwa bado, na ililipwa upya kila jioni. Ningekuwa meneja mkuu Perry Minasian, aliyeingia ofisini miezi michache tu kabla na kuukuta mkataba ule mezani, ningefanya alichofanya. Labda ningefanya mapema zaidi. Mwaka 2017 mapigo ya Pujols yalisababisha mikimbio 101, yaani pointi za timu, namba nzuri sana kwenye bango, lakini wastani wake ulikuwa 0.241, na namba ya mikimbio hupandishwa na wenzako waliokwisha kufika kwenye besi kabla yako. Waliotaka kuona walikuwa wameshaona.

Hilo la mapema ndilo linalonisumbua kuhusu namna lilivyofanyika. Ohtani hakuzuka Mei. Walsh hakuzuka Mei. Kama klabu ilijua hakuna nafasi, mazungumzo yangefanyika mwezi Januari: mzee, mwaka huu utapiga dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto tu, unakubali au tuagane? Badala yake alianza msimu kama mchezaji wa kawaida, na kabla ya wiki sita kuisha akaambiwa basi. Maelezo ya klabu yalikuwa kwamba alitaka kucheza kila siku na wao hawakuwa na nafasi ya kila siku. Yeye baadaye alikana kwamba aliwahi kuwaambia anataka kuwa mchezaji wa kudumu wa besi ya kwanza. Mmoja wao alielewa vibaya, au hakuna aliyeuliza vizuri.

Sasa lile neno "analipwa kupita kiasi". Kwa namba za Angels ni kweli tupu. Kwa miaka kumi aliwapigia wastani wa 0.256, akaitwa kwenye mechi ya nyota mara moja tu, mwaka 2015, na klabu ikafika hatua ya mtoano mara moja tu, 2014, ikafungwa mechi tatu mfululizo na Kansas City Royals na kurudi nyumbani.

Lakini rudi St. Louis, alikoanzia na klabu ya Cardinals. Mwaka 2001, akiwa mgeni kabisa kwenye ligi, alipiga wastani wa 0.329 na homurani 37. Alilipwa dola 200,000. Mwaka 2003 alikuwa bingwa wa wastani wa kupiga kwa 0.359, na homurani 43 juu yake. Alilipwa dola 900,000. Kwa miaka 11 aliwapa Cardinals wastani wa 0.328, homurani 445, tuzo tatu za mchezaji bora na ubingwa wa dunia mara mbili, 2006 na 2011. Malipo ya miaka yote hiyo ukiyajumlisha hayafiki nusu ya zile milioni 240. Utaratibu ndio ulivyo: miaka sita ya kwanza klabu inakumiliki, mitatu ya mwanzo kwa kawaida ni kima cha chini au karibu yake, na ruhusa ya kujiuza sokoni unaipata umri wa kupiga vizuri ukikaribia kuisha. Mchezaji anavuna usiku alichopanda mchana.

Shida ya utetezi huu, na ninaukubali nusu, ni kwamba mfuko uliolipa sio mfuko uliofaidi. Cardinals walikula nyama, Angels wakaletewa bili. Shabiki wa Anaheim, nyumbani kwa Angels, aliyeona wastani wa 0.198 hafarijiki kusikia kwamba mwaka 2003 mtu huyu alikuwa wa bei poa mahali pengine. Na matajiri walijifunza haraka. Leo klabu zina ofisi nzima za watakwimu wa kuwaambia kwamba mpigaji aliyevuka miaka 30 si wa kupewa muongo. Ni akili, sikatai. Ila ukimnyima mchezaji pesa ujanani kwa sababu kanuni inakuruhusu, na ukamnyima uzeeni kwa sababu hesabu inakukataza, atalipwa lini? Makubaliano mapya ya Machi 2022, baada ya wamiliki kuifunga ligi kwa siku 99, yalipandisha kima cha chini hadi dola 700,000 na kutenga milioni 50 kwa mwaka kwa vijana wanaong'ara. Ni mwanzo, lakini milioni 50 zigawanywe ligi nzima ya klabu 30.

Kuna hoja moja ya upande wa Pujols ambayo siipokei kabisa, nayo ndiyo inayorudiwa kuliko zote: kwamba kilichofuata kiliwaumbua Angels. Siku chache baada ya kuachiwa alisajiliwa na Los Angeles Dodgers, wenzake vijana wakamwita Tío Albert, Mjomba Albert, akapiga homurani 12. Mwaka 2022 akarudi St. Louis kwa dola milioni 2.5, akapiga 24 na kufikisha 703 za maisha. Ile ya 700 aliipiga Septemba 23 kwenye uwanja wa hao hao Dodgers, mtu wa nne tu katika historia kufika hapo, baada ya Babe Ruth, Hank Aaron na Barry Bonds.

Mimi nilifurahi kama mtoto. Lakini angalia alivyotumika. Dodgers hawakumpanga kila siku. Walimchagulia warushaji wa mkono wa kushoto, wale anaowaona vizuri. Cardinals nao walimfungulia mlango mwaka uleule ambao nafasi ya mpigaji maalumu iliruhusiwa rasmi kwenye ligi yao, National League. Isingekuwepo kanuni hiyo, sijui angesimama wapi. Angels wangeweza kumtumia hivyo kama Ohtani asingekuwepo, na hakuna klabu duniani ingemweka benchi Ohtani wa 2021. Tena kumwondoa hakukuwaokoa: walimaliza mwaka na ushindi 77 na vipigo 85. Tatizo lao halikuwa mzee mmoja.

Mkataba wa 2011 ulikuwa na kipengele ambacho watu walikisahau: baada ya kustaafu, Pujols angeitumikia klabu kwa miaka kumi kwa jumla ya dola milioni 10. Februari 2023 alitokea kwenye kambi ya mazoezi ya Angels huko Tempe, Arizona, akiwa mwalimu maalumu, akiwaelekeza vijana namna ya kushika gongo.