Waraka Hutolewa, Waraka Hufutwa

Rais John Magufuli alipotamka mwaka 2017 kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi katika skuli ya Serikali, tamko lile halikuvuka bahari kuja kwetu, kwa sababu elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, na sera ya Zanzibar ilikuwa tayari inamruhusu aliyejifungua kurejea darasani. Tulijipongeza, na nadhani tulijipongeza mapema.

Bara halikuhitajika Bunge kutunga sheria mpya ili mlango ufungwe. Lilitosha tamko, likiegemea kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi kwa makosa ya maadili. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikaufungua tena mlango huo kwa waraka. Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto ilipoamua mwaka 2022 kwamba wasichana wale walidhulumiwa, wengi wao walikwishapitwa na umri wa skuli. Haki yetu hapa Visiwani nayo imeshikiliwa zaidi na sera, na sera ni mali ya aliyepo ofisini.

Sisemi kwamba mahakama peke yake ingetosha. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika shauri la Brown, kwamba kuwatenga watoto skuli kwa rangi ni kinyume cha katiba. Miaka kumi baadaye, katika majimbo ya Kusini, ni takriban mtoto mmoja mweusi kati ya mia aliyesoma pamoja na weupe. Mambo yalikwenda mbio baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kuiwezesha wizara ya huko inayosimamia elimu kuzuia fedha za skuli zinazobagua, na majaji kuanza kuitumia miongozo ya wizara hiyo kama kipimo chao. Kufikia 1968 idadi hiyo ilikaribia theluthi ya watoto weusi wa Kusini.

Kwetu sisi ugumu uko mezani kwa mwalimu mkuu. Mama anafika na binti yake, mtoto mchanga kaachwa kwa bibi. Anaambiwa kwa upole kwamba nafasi zimejaa, arudi muhula ujao. Hapewi barua wala sababu. (Upole huo, kwa maoni yangu, ndio unaomaliza kesi kabla haijaanza.) Katiba ya Zanzibar ya 1984 inakataza ubaguzi, lakini wakili ataanzia wapi Mahakama Kuu bila ya karatasi?

Kwa hiyo ningependa Baraza la Wawakilishi liiweke haki ya kurejea ndani ya sheria yenyewe, na limlazimishe kila anayemkataa mwanafunzi kuandika sababu zake, kutia saini na kumpa mzazi nakala. Mwalimu mkuu naye atapata kinga, kwani mzazi mwengine akija juu kwamba binti yake kakalishwa dawati moja na mama mtu, atamwonesha kifungu.