Uthabiti wa Lipsius si moyo wa jiwe

Justus Lipsius anasomwa vibaya. Msomi huyu wa Flandria, katika Ubelgiji ya leo, aliwafufua Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, na watu wakishasikia hivyo hudhani alifundisha kukaza meno na kunyamaza. De Constantia, kitabu alichokitoa mwaka 1584 nchi yake ikiungua kwa vita, kinafundisha kitu kigumu zaidi ya hapo.

Kinaanza na kijana anayekimbia ghasia kuelekea Vienna. Mwenyeji wake mjini Liège, Langius, anamkatiza: anayeugua ni wewe, si nchi, na ukihama unahama na ugonjwa wako. Tiba inaanzia kwenye kutenganisha akili timamu na dhana, yaani ile hukumu ya pupa inayotuaminisha kwamba kila kinachotuumiza ni baya. Kisha huja subira, ambayo Lipsius anaiita mama wa uthabiti: kustahimili kwa hiari, bila manung'uniko, lolote limpatalo mtu kutoka nje. Ukiliondoa hilo "kwa hiari" umeharibu dawa yote. Hubaki ukaidi, nao Lipsius anaukataa waziwazi kwa sababu nguvu yake hutokana na kiburi.

Penye huruma ndipo wasomaji wengi humwacha. Kweli, anailaumu huruma, lakini ni ile ya kuvunjika moyo ukiona mwenzio anaumia. Ile inayokusukuma umwondolee shida yake anaitetea kwa nguvu. Aliyezama maji haokolewi na anayezama naye.

Wala hakuwameza Wastoa wazimawazima. Anataja mambo manne anayotofautiana nao kuhusu majaliwa, mojawapo likiwa kwamba wao humweka Mungu chini ya majaliwa, na jingine kwamba humpokonya binadamu hiari yake. Bila marekebisho hayo, sioni Mkristo wa karne ya 16 angempokeaje Seneca, Mstoa wa Roma.

Kosa lake kubwa liko kwingine. Mwaka 1589, katika Politica, kitabu chake kuhusu utawala, aliazima maneno ya tabibu, "choma, kata", dhidi ya wanaovuruga dini ya umma. Coornhert, mwandishi Mholanzi aliyetetea uhuru wa dini, alimpinga, na alikuwa na haki: hapo hofu ya ghasia ilivaa joho la akili.

Anayetaka kumsoma aanze na kitabu cha kwanza cha De Constantia, sura ya 4 na ya 5, ndipo aende ya 12 inayohusu huruma. Akiirukia ya 12 kwanza, atamwona Lipsius katili.