Nyota isifike prodakisheni

Katika Endevor, mfumo wa kusimamia mabadiliko ya programu kwenye kompyuta kubwa za meinfremu, amri moja ya MOVE (ya kupandisha faili ngazi ya juu) yenye nyota (*, yaani “faili zote”) mahali pa jina la faili inatosha kubeba kazi ya mtu mwingine, ambayo bado iko nusu, hadi prodakisheni, yaani mazingira ya kazi halisi. Kwa maoni yangu, kwenye meinfremu nyota ipigwe marufuku katika ngazi ya mwisho. Kila faili inayopanda itajwe kwa jina, ndani ya kifurushi chenye namba ya badiliko.

Hata hivyo, majina peke yake hayatoshi. Watu huorodhesha programu walizozigusa wao, wakasahau zilizoguswa na kopibuku, yaani faili ya maelezo ya data inayotumiwa na programu nyingi. Chukua salio ambalo kopibuku ya COBOL inalieleza kuwa PIC S9(7)V99 COMP-3: tarakimu 9 (7 kabla ya desimali, 2 baada yake) na alama ya chanya au hasi, zikipakiwa mbili kwa kila baiti, jumla baiti 5. Likipanuliwa kuwa S9(9)V99, linahitaji baiti 6. Anayelipanua hupunguza FILLER (nafasi tupu ya rekodi) kwa baiti 1 ili urefu wa rekodi usibadilike, kwa hiyo JCL (maagizo ya kuendesha kazi) hailalamiki na faili inafunguka vizuri. Programu ambayo haikukompailiwa upya (kutafsiriwa upya kuwa lugha ya mashine) husoma baiti 5 za mwanzo tu, na pale inapotarajia alama ya chanya au hasi inakuta tarakimu. Ikijaribu kujumlisha, inaanguka kwa S0C7, kosa la data isiyo namba halali. Na hapo bado una bahati, maana umejua. Programu inayosoma jina tu, lililo baada ya salio, italichapisha likiwa limesogea baiti moja, kimya kimya.

Kwa hiyo orodha itokane na kompaili yenyewe, si kumbukumbu ya mtu. Katika Endevor, sehemu iitwayo ACM hurekodi kila kijenzi kilichoingia kwenye programu. Uliza kopibuku inatumiwa na nani, ongeza programu zote hizo kifurushini, zikompaili upya, zijaribu. Usisahau programu ndogo zinazoitwa kwa njia tuli: zimo ndani ya moduli ya anayeziita, naye lazima aunganishwe upya. Kisha washa ukaguzi wa vijenzi wakati wa CAST (hatua ya kufunga kifurushi kabla ya kuidhinishwa), na uuweke kama kosa linalozuia. Onyo hupitwa tu.

Kinachopanda kiwe moduli ileile iliyojaribiwa, pamoja na DBRM yake, yaani faili ya maagizo ya SQL ya programu hiyo kwa ajili ya hifadhidata ya DB2. Moduli ya kompaili moja ikikutana na DBRM ya kompaili nyingine, DB2 itakujibu kwa kosa -805 au -818.

Jambo linaloniudhi zaidi ni marekebisho ya dharura. Yanaingia prodakisheni usiku, hayarudishwi kwenye ngazi za chini, na badiliko linalofuata linayafuta. Endevor huligundua hilo na kukataa MOVE, kwa kuwa msingi wa faili hauendani tena na ulioko juu. Ndipo mtu anaongeza neno SYNCHRONIZE, linaloiambia Endevor ikubali licha ya tofauti hiyo, ili ipite. Muidhinishaji akiliona neno hilo kwenye kifurushi, akirudishe mpaka matoleo yote mawili yalinganishwe mstari kwa mstari na marekebisho ya dharura yaonekane yamo ndani ya toleo jipya.