Mfumo wa duka si kazi ya walioshindwa na mafumbo

Anayetafuta kazi yake ya kwanza ya kuunda programu Nairobi husikia ushauri wa aina mbili. Kuna wanaomwambia akeshe na LeetCode, tovuti ya mazoezi ya mahojiano, atatue mafumbo ya orodha, miti na grafu mpaka fumbo la wastani limtoke ndani ya nusu saa huku akieleza kwa sauti anachofikiri. Wengine humwambia aunde kitu kinachotumiwa na watu, kama mfumo wa mauzo wa duka. Siku hizi ushauri wa kwanza ndio unaopewa heshima, na mfumo wa duka la mtaani unachukuliwa kama kimbilio la waliokosa. Heshima hiyo imegawanywa vibaya.

Mafumbo yana haki yake. Anayelenga kampuni kama Google hana pa kuyakwepea. Zaidi ya hapo, mwajiri asiyejua ulisoma wapi wala mjomba wako ni nani anakupa swali lilelile analompa kila mtu, na palipozoeleka kuajiriana kwa kujuana hilo si jambo dogo. Ujuzi wenyewe pia unafaa: aliyeelewa jedwali la hashi, mpangilio wa data unaokufikisha moja kwa moja kwenye unachotafuta, hatapitia rekodi 200,000 moja baada ya nyingine kumtafuta mteja mmoja.

Lakini kumbuka Septemba 2019. Andela, kampuni iliyojengwa juu ya wazo la kuwaandaa vijana wa Afrika kwa kazi za kampuni za nje, ilitangaza kupunguza mamia ya waunda programu wachanga Nigeria, Uganda na Kenya. Ilieleza kwamba soko lilitaka wenye uzoefu zaidi. Vijana wale walikuwa wamechujwa vikali kabla ya kuajiriwa, kwa hiyo akili hawakupungukiwa. Uzoefu ndio uliodaiwa, na mafumbo hayauzalishi.

Mfumo wa duka huuzalisha. Chukua duka la vipuri linalotaka kupokea M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom, yaani njia ya programu yako kuzungumza na M-Pesa. Katika mazingira ya majaribio, kazi ni ya siku moja. Unaomba tokeni, kibali cha muda cha kuitumia Daraja, ambayo hudumu sekunde 3,600. Unaibadilisha 0712 ya mteja iwe 254712. Unatuma STK Push, ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja. Simu inaomba PIN. Wengi huishia hapo, wakapiga picha ya skrini na kupakia GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Daraja ikipokea ombi hujibu papo hapo kwa ResponseCode 0. Sifuri hiyo imewafanya wengi watoe mzigo dukani bila pesa kuingia, maana inasema tu kwamba ombi limepokewa. Matokeo huja baadaye, kwenye anwani ya HTTPS uliyoitaja, yakiwa na ResultCode: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana. Je, taarifa ikija wakati seva imezimika? Ikija mara mbili? Mtu akiijua anwani yako na kutuma taarifa ya uongo?

Hapa ndipo mtu anakomaa. Agizo linapewa hali tatu: linasubiri, limelipwa, limeshindwa. CheckoutRequestID, kitambulisho cha ombi la malipo, inahifadhiwa mara tu Daraja inapoirudisha. Namba ya risiti inawekewa sharti la upekee ndani ya hifadhidata yenyewe, ili taarifa iliyojirudia ikataliwe hata msimbo ukikosea. Malipo yaliyokaa dakika mbili bila jibu, programu inaiuliza Daraja yameishia wapi. Kiasi kilicholipwa kinalinganishwa na bei, na jioni hesabu ya mfumo inalinganishwa na taarifa ya till, namba ya M-Pesa ya duka. Hakuna fumbo linalokufundisha kutoiamini mitandao kiasi hiki.

Hayo ndiyo ya kuandika kwenye wasifu. "Mfumo wa malipo kwa React na Node" haimwambii mwajiri kitu. "Taarifa ya malipo ikijirudia haihesabiwi mara mbili" inampa swali la kukuuliza, na jibu unalo. Funguo za siri za Daraja zikae kwenye faili isiyopakiwa GitHub. Zikishaingia katika historia ya Git, inayotunza kila toleo la msimbo, kuzifuta kwenye toleo jipya hakutoshi: zibadilishe.

Mfumo wa duka una hasara zake. Mwenye duka ataomba marekebisho yasiyoisha, basi andikianeni mapema yaliyomo na bei ya ziada. Tena hakuna mkongwe wa kukusahihisha msimbo, na makosa yako yanaweza kuota mizizi. Omba mtu aupitie. Mafumbo nayo yatengee dakika 45 kwa siku, wiki sita au nane kabla ya mahojiano yanayoyahitaji.

Kabla ya kutuma maombi, fanya jaribio moja. Anzisha malipo, izime seva kabla mteja hajaweka PIN, iwashe baada ya dakika tano, kisha angalia agizo linasema nini. Uliyoyaona na uliyorekebisha, yaandike kwenye README, faili ya maelezo ya mradi.